Barua 41 za Seva ya Kibiti

Ukiwa mbele ya seva ya Linux yenye safu ya diski, unafungua faili moja dogo liitwalo mdstat, na ndani yake unakuta mabano yenye herufi: U kwa kila diski iliyo hai, na kistari pale ambapo diski imetoka. Seva yetu ya Kibiti ilikuwa na diski nne. Siku niliyoiweka, mwaka 2011, mstari ulisomeka [UUUU]. Siku nilipoitwa kuiangalia, Aprili 2013, ulisomeka [U_UU], na ulikuwa hivyo kwa siku 41 za kazi bila mtu yeyote kuutazama.

Wakati huo Kibiti ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Rufiji. Ofisi ilikuwa ya mradi mdogo wa afya, ambao sitautaja jina, nao ulikuwa na vijiji vichache vya delta. Kazi yake ilikuwa ya nyumba kwa nyumba: nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehamia, nani ameondoka. Watu wa Rufiji si wageni wa kazi hiyo. Tangu mwaka 1998 wadodosaji walikuwa wakizunguka kaya za wilaya ile kila baada ya miezi minne, kwanza chini ya mradi wa Wizara ya Afya na wafadhili wa Kanada, baadaye chini ya Taasisi ya Afya Ifakara. Palipotokea msiba, walirudi baada ya muda kuwauliza ndugu dalili za marehemu, kwa sababu wengi walifia nyumbani na hakuna daktari aliyeandika chochote. Takwimu zile ndizo zilizowaonyesha wakubwa wa wilaya kwamba fedha zilikuwa zinakwenda kusiko na vifo na kuacha kwenye vifo. Bajeti zikapangwa upya, na kitabu kilichochapishwa Kanada mwaka 2004 kilieleza kwamba vifo vya watoto katika wilaya za majaribio, Rufiji na Morogoro Vijijini, vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka mitano.

Nayasema haya ili msomaji aelewe kilichokuwa ndani ya zile diski nne. Mtoto aliyezaliwa baada ya mzunguko wa Aprili na kufa kabla ya mzunguko wa Agosti hana kadi ya kliniki, hana cheti, na pengine jina lenyewe halikuzoeleka mdomoni. Serikali haimjui. Anajulikana na mama yake, na mstari mmoja kwenye seva.

Dada wa takwimu alinipigia simu Alhamisi jioni nikiwa Mbagala. "Kaka, mashine imekuwa nzito. Kufungua fomu moja tunasubiri hadi chai inapoa." Nikamwuliza kama kuna mtu ameifungua. Akafikiri, akasema ndiyo, kijana mmoja aliifungua katikati ya Februari kufuta vumbi, akaifunga vizuri. Sikuitia maanani habari ile. Nilichukua diski moja mpya niliyokuwa nayo kabatini, nikaitia begini, na Ijumaa alfajiri nikapanda basi Rangi Tatu. Masika yalikuwa yameshika. Kuanzia Mkuranga mvua haikukatika, na Bungu tulipita tukiwa tumefunga madirisha, joto la watu sitini ndani.

Nilipofika nilisoma mstari, nikaona kistari, nikajiona nimemaliza kazi. Diski ya pili imekufa, mkononi nina diski mpya, tatizo liko wapi?

Kwa asiyeijua safu ya aina hii, ambayo mafundi huiita RAID 5, mfano wake ni huu. Karani ana madaftari matatu. Kwenye ukurasa wa kwanza wa kila moja kuna namba: 14, 9 na 22. Kwenye daftari la nne anaandika jumla, 45. Mchwa wakila daftari la pili, karani hahitaji kulia: anachukua 45, anatoa 14, anatoa 22, anapata 9 yake. Hesabu ya kweli ni ya namna nyingine, na jumla hazikai kwenye diski moja bali huzungushwa kwenye zote, lakini roho yake ni hiyo. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha hoja kwamba diski nyingi za bei nafuu zikipangwa pamoja kwa akili zinaweza kuchukua nafasi ya diski moja kubwa ya gharama. Hoja hiyo ni kama iliandikwa kwa ajili ya ofisi zetu. Linux inaifanya kazi yote kwa programu tu, bila kifaa cha ziada, na chombo cha kuisimamia kinaitwa mdadm, kilichoandikwa na Neil Brown wa Australia. Hukilipii hata senti.

Lakini mchwa wakila madaftari mawili, hesabu imekwisha.

Nilichomeka diski mpya saa nne asubuhi na kuamuru safu ijengwe upya. Ili kuijaza diski mpya, mashine inalazimika kusoma diski tatu zilizobaki kuanzia mwanzo hadi mwisho, kila kona, hata sehemu ambazo hakuna aliyezigusa kwa miaka miwili. Nilikaa nikitazama asilimia zinavyopanda. Ilipofika 71 ikasimama. Mstari ukasomeka [U__U]. Diski ya tatu ilikuwa imekutana na sehemu isiyosomeka, mfumo ukaitoa nje, na safu nzima ikaanguka. Dada wa takwimu akaniita kutoka chumba cha pili: fomu zote zimepotea kwenye skrini.

Ndipo nilipofanya jambo nililopaswa kulifanya saa nne. Nilisoma.

Kwanza nilifungua sanduku la barua la ndani ya mashine. Mdadm ina mlinzi wake: diski ikitoka, anaandika barua. Mwaka 2011, nilipoiweka seva ile, niliacha anwani ya kupokea barua hizo kama ilivyokuja, yaani msimamizi wa mashine, ndani ya mashine yenyewe. Nilijiambia intaneti ya pale ni ya modemu, nitairekebisha siku nyingine. Siku nyingine haikufika. Barua zilikuwa 41, moja kwa kila asubuhi ya kazi, zote zenye maneno yale yale: safu imepungukiwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mashine hii haikuficha kitu. Ilipiga kelele kila siku ndani ya chumba nilichokifunga mimi.

Kisha nikatafuta kumbukumbu za ukaguzi. Debian, toleo la Linux tulilotumia, wakati huo ilikuja na utaratibu mzuri sana: Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, saa saba usiku kasoro dakika tatu, mashine huzisoma diski zote za safu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ikikuta sehemu iliyoanza kuoza, inakokotoa upya kilichokuwamo kwa msaada wa diski nyingine na kukiandika tena, na diski yenyewe huhamishia maandishi yale mahali pazima. Sehemu mbovu iliyoiangusha diski ya tatu ingeponywa hivyo, kimyakimya, wakati zote nne zikiwa hai. Lakini kumbukumbu zilikuwa tupu. Ukaguzi haukuwahi kufanyika hata mara moja.

Nikamwuliza dada wa takwimu mwishoni mwa juma huwa wanafanyaje. "Ijumaa saa kumi tunazima kila kitu," akasema, "radi za huku kaka huzijui. Jumatatu asubuhi tunawasha." Walikuwa sahihi. Mwaka mmoja kabla radi ilikuwa imekaanga mashine ya kutoa nakala. Miaka miwili mfululizo ukaguzi ulipangiwa usiku ambao seva ilikuwa imezimwa, na mimi niliyeiweka sikuwahi kuuliza swali rahisi kabisa: mashine hii inalala saa ngapi?

Tangu siku hiyo, kila ninapoweka seva, swali la kwanza silielekezi kwa mashine. Naketi na wanaoitumia. Nani anafungua ofisi, nani anafunga, umeme ukikatika nani anakimbilia swichi, mfagiaji anachomoa waya upi ili achomeke pasi. Nimejifunza mengi zaidi hapo kuliko kwenye vitabu vya mafundi.

Usiku ule nililala gesti ya karibu na stendi, simu mkononi, nikisoma ushauri wa watu. Wengi walishauri jambo moja, na nililijua tayari: usichanganye amri. Mdadm ina amri mbili zinazofanana machoni pa mtu aliyechoka. Moja ni assemble: kusanya. Inasoma alama zilizoandikwa kwenye kila diski, inaelewa ipi ni ya kwanza na ipi ni ya tatu, inaziunganisha. Nyingine ni create: unda. Hii haisomi. Inafuta alama za zamani na kuandika mpya, kwa mpangilio unaoutaja wewe. Ukikosea mpangilio, au ukubwa wa vipande ambavyo data imekatwa, unapata safu iliyo hai kabisa yenye uji ndani.

Naijua kwa sababu niliwahi kuifanya. Mwaka 2010, katika ofisi moja ya Dar es Salaam, safu ilianguka na mkubwa wa ofisi amesimama nyuma yangu akiuliza kila dakika. Nikaandika create. Sikujua kwamba mdadm mpya ilikuwa imebadilisha ukubwa wa kipande wa kawaida kutoka kilobaiti 64 kuwa 512. Safu ikapanda, herufi zote U, mkubwa akanipongeza, na hakuna faili hata moja lililosomeka. Mbaya zaidi, mashine ilianza papo hapo kukokotoa jumla mpya na kuziandika juu ya zile za kweli. Tulipogundua, kilichokuwa bado kinaokoleka asubuhi kilikuwa kimefutwa mchana na mkono wangu.

Kwa hiyo Kibiti nilizima seva, nikachomoa waya wa umeme, nikiwa nimeandika daftarini namba ya kila diski, tundu ilimokaa na hesabu zilizo kwenye alama zake. Nikampigia rafiki Kariakoo anunue diski nne za ukubwa ule na kuzituma kwa basi la Jumatatu. Kisha nikakaa bila kazi, jambo ambalo kwa fundi ni gumu kuliko kazi yenyewe.

Jumamosi mdodosaji wa mradi alikuwa anakwenda delta kuangalia fomu za karatasi zilizobaki vijijini, maana kama seva isingepona, karatasi ndizo zingekuwa tegemeo. Nikaomba kwenda naye. Tuliteremka Nyamisati kwa pikipiki, barabara imegeuka tope, na pale gatini tukapanda boti ndogo ya injini kuelekea upande wa Simba Uranga.

Anayeisikia delta ya Rufiji kwa jina tu anadhani ni mto unaoingia baharini. Ni mito, mingi, inayogawanyika na kuungana na kugawanyika tena katikati ya msitu wa mikoko ambao hakuna mkubwa kuupita katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Mkoko, mchu, mkandaa, mkomafi, mlilana, kila mmoja na mahali pake kulingana na chumvi na urefu wa maji. Wajerumani waliificha humo manowari yao Königsberg mwaka 1914, na Waingereza walihangaika miezi mingi kuifikia. Ilipozamishwa Julai 1915, Wajerumani waliirudia wakatoa mizinga yake yote 10 na kuipeleka kwenye vita vya nchi kavu. Habari hiyo niliijua tangu shule. Siku ile niliisikia upya kutoka kwa nahodha, na nilichokisikia ni kwamba chombo kinaweza kuwa kimekwisha na bado kilichomo kikatolewa.

Maji yalikuwa yanakupwa. Mbele ya boti alikaa mjukuu wa nahodha akiwa na upondo, anauchovya, anautoa, anataja kina kwa sauti. Nahodha hakutazama maji. Alimsikiliza mtoto. Penye mlango mmoja mtoto alitaja kina kidogo mara mbili mfululizo, na mzee akazima injini na kuinua pangaboi. Mdodosaji, mwenye haraka yake, akasema, "Mzee, tia moto kidogo tu, tutapita."

"Nikitia moto hapa tutapwelewa hadi usiku," mzee akajibu. "Pangaboi itachimba mchanga, na mchanga utatukalia. Sasa hivi bado tunaelea."

Tukasubiri. Ilikuwa zaidi ya saa moja, mbu wengi, mvua ikija na kuondoka. Nilitoa daftari langu na kusoma tena zile namba nilizoandika. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo usiku sikuliona. Kila diski ya safu hubeba hesabu ya matukio: kila safu inapobadilika, hesabu inaongezeka kwa diski zote zilizo hai. Diski ya kwanza na ya nne zililingana. Ya tatu, iliyoanguka Ijumaa, ilikuwa nyuma kwa hatua chache mno, kama mtu aliyetoka mkutanoni dakika za mwisho. Ya pili ilikuwa nyuma kwa maelfu, kwa sababu ilitoka Februari. Jibu lilikuwa limekaa kwenye zile namba: ya kwanza, ya tatu na ya nne bado zinakumbuka jambo moja. Ya pili isirudishwe, ingeleta mambo ya Februari.

Kijijini tulikuta fomu nyingi zimehifadhiwa vizuri kwenye sanduku la bati nyumbani kwa mjumbe. Lakini za mzunguko mmoja wa mwaka uliotangulia zilikuwa zimelowa na kugandana. Mdodosaji akasema itabidi azirudie nyumba hizo. Tulianza na ya karibu. Mama mwenye nyumba alitukaribisha, akatandika mkeka barazani, akatuletea maji. Mdodosaji alimwamkia, akaeleza kwa upole kwamba kuna maswali ya mwaka jana ambayo huenda wakahitaji kuyauliza tena, ya kuzaliwa na ya msiba.

Yule mama alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Mwanangu, nilishakwambia. Ulikaa hapo hapo ulipokaa. Uliandika, nikakuona unaandika. Leo unataka nikwambie tena?"

Mdodosaji alifunga daftari. Hakuuliza. Tukazungumza habari za mpunga na nguruwe pori, tukaaga. Njiani hakuna aliyesema neno mpaka Nyamisati.

Nimefanya kazi ya kompyuta kwa miaka mingi, na watu wakiniuliza data ni nini nawapa jibu la kitabuni kama kila mtu. Lakini tangu baraza lile naamini data ni kitu ambacho mtu amekubali kukisema mara moja, na aliyekipokea hana haki ya kukipoteza kisha arudi kubisha hodi.

Diski zilifika Jumatatu mchana. Sikuzigusa zile za zamani kwa kuandika hata herufi moja. Kila moja niliinakili nzima kwenda kwenye diski mpya, kwa programu iitwayo ddrescue, ambayo ina busara ya pekee: inachukua kwanza vyote vinavyosomeka kwa urahisi, inaruka sehemu ngumu na kuziandika kwenye ramani, kisha inazirudia taratibu, kwa vipande vidogo vidogo. Diski inayokufa huna hakika itaishi saa ngapi, kwa hiyo unavuna mpunga uliosimama kabla ya kuokota punje zilizoanguka. Ya kwanza na ya nne zilinakilika bila doa. Ya tatu ilichukua usiku kucha na nusu ya siku. Dada wa takwimu alikuwa anakuja kila saa kusoma namba kwenye skrini, anaondoka bila kuuliza. Mwishowe, katika diski ya terabaiti nzima, vilibaki vidoa viwili visivyosomeka, kila kimoja baiti 4096.

Nilizichomeka nakala tatu, na diski za asili nikazifunga kwenye mfuko wa plastiki na kumpa dada azifungie kabatini. Nikaandika assemble, nikailazimisha ipuuze tofauti ile ndogo ya hesabu ya diski ya tatu, na nikaamuru safu isomwe tu, isiandikwe. Mstari ukarudi: [U_UU]. Sikuwahi kufurahia kistari kama siku ile.

Tulinakili kila kitu kwenda diski ya nje kabla ya kushangilia. Kisha dada akaleta ripoti iliyochapishwa Desemba na tukahesabu: kaya, waliozaliwa, waliofariki, kijiji kwa kijiji. Zililingana. Vile vidoa viwili nilivifuatilia mpaka nikajua vilikuwa vya nani. Kimoja kilikuwa kwenye nafasi tupu. Kingine kilikuwa katikati ya picha ya fomu moja iliyopigwa skani, ambayo nusu yake ya chini iligeuka kijivu. Karatasi yake ilikuwepo kabatini, ikapigwa skani upya.

Lilibaki swali la diski ya pili, ile iliyotoka Februari. Niliipima kwa programu inayosoma kumbukumbu ambazo diski hujiwekea yenyewe. Haikuwa na sehemu mbovu hata moja. Ilikuwa nzima. Lakini hesabu ya makosa ya mawasiliano, yaani data kuharibika njiani kati ya diski na ubao, ilikuwa kubwa mno. Nikafungua kifuniko na kuufuata waya wake. Ulikuwa umekunjwa kwa nguvu chini ya kifuniko, klipu yake imelegea. Kijana aliyefuta vumbi aliurudisha alivyoweza. Nikakumbuka dada aliniambia habari ile kwenye simu, kabla sijapanda basi, na sikuitia maanani. Waya wenyewe hauzidi bei ya sahani ya wali kwa samaki. Diski niliyobeba kutoka Mbagala haikuhitajika kabisa. Waya ndio uliohitaji kubadilishwa.

Na kuna jambo jingine kuhusu diski ya tatu ambalo kila anayeweka safu kwa diski za kawaida za mezani anapaswa kulijua. Diski hizo zimetengenezwa kwa mtu mwenye diski moja tu. Zikikuta sehemu ngumu kusoma zinang'ang'ana, wakati mwingine kwa zaidi ya dakika mbili, kwa sababu hakuna mwingine wa kuziuliza. Linux yenyewe husubiri sekunde 30, kisha huona diski imezirai, na diski iliyokuwa na doa moja inatolewa kama maiti. Diski za seva hukata tamaa baada ya sekunde saba hivi, zikatoa taarifa, na safu ikajaza pengo kutoka kwa wenzake. Tiba ni ama kuiambia diski ising'ang'ane, kama inakubali, au kuiambia Linux isubiri hata sekunde 180. Ni mstari mmoja wa maandishi. Diski zetu hazikukubali la kwanza, tukafanya la pili.

Nilikaa Kibiti siku mbili zaidi. Kwenye kila diski nilibandika karatasi yenye tarakimu nne za mwisho za namba yake, kwa sababu majina ambayo Linux huzipa diski hubadilika ukihamisha waya, na nimewahi kuona fundi mzuri akichomoa diski nzima na kuiacha mbovu. Ukaguzi wa kila mwezi niliuhamishia Jumanne ya kwanza, saa saba mchana, wanapokwenda kula. Barua za mlinzi sikuziamini tena peke yake. Nilipanga kwamba kila mashine inapowashwa, ule mstari wa herufi utokee kwenye skrini ya dada wa takwimu kabla ya kitu kingine chochote, naye akakubali kuuandika kwenye kitabu cha mahudhurio, juu ya majina ya wafanyakazi. Nilipopita miezi mitano baadaye nilikifungua kitabu kile. Kila ukurasa, kwa wino wa bluu: [UUUU].

Na nakala. Safu ya diski si nakala, na naomba aliyeshika seva ya ofisi yoyote anisikilize hapa. Safu inakukinga na diski moja inayokufa. Haikukingi na mtu aliyefuta faili kwa bahati mbaya, kwa sababu linafutwa kwenye diski zote nne kwa wakati mmoja. Haikukingi na radi, wala mwizi, wala maji. Aprili 2024 mto Rufiji ulifurika ukazamisha nyumba na mashamba Rufiji na Kibiti, na chumba chenye seva hakina kinga ya pekee mbele ya mto. Kuanzia 2013 diski moja ya nje ilikuwa inasafiri kwenda Dar es Salaam kila baada ya wiki mbili, imefungwa kwenye bahasha, inapokelewa na mtu anayesaini, na nyingine inarudi. Mara moja kila robo mwaka tulifungua faili kadhaa kutoka diski ya Dar kuhakikisha zinasomeka. Nakala ambayo hujawahi kuifungua usiihesabu.

Siku ya kuondoka, dada wa takwimu alinionyesha jambo moja kabla sijabeba begi. Alikuwa ametafuta kaya ya yule mama wa Simba Uranga. Mstari ulikuwepo mzima: jinsia, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kufariki, siku 19 kati yake, na majibu yote ya mama kwa mpangilio alivyoyatoa. Hakuna aliyerudi kumwuliza.